Mark II ya 1JZ: Dar sekunde 13.6, Dodoma 14.9. Ni hewa, tabo au injini imechoka?

#1 SilindaSita (mleta mada)

Habari wadau. Nina Mark II JZX100 ya mwaka 1997, injini 1JZ-GTE yenye VVT-i, gia otomatiki. Nimekaa nayo miaka 6. Nilipokuwa Dar ilikuwa gari ya kazini wiki nzima, na siku chache kwa mwaka inaenda dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu), uwanja umefungwa na helmeti kichwani. Ina intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa ya mbele, ekzosti ya inchi 3, geji ya tabo na kidhibiti cha presha cha kuzungusha kwa mkono. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) bado ya kiwandani. Dar presha ya tabo nilikuwa naiweka baa 0.9, na rekodi yangu ni mita 402 kwa sekunde 13.6, spidi ya mwisho kilomita 164 kwa saa.

Kazi imenihamishia Dodoma tangu Julai. Jumamosi iliyopita, saa 8 mchana, tulipata eneo la mtu binafsi lenye lami, geti likafungwa, tukapima kwa kifaa kilekile cha GPS. Nimekimbia mara 4. Iliyo bora ni 14.9, spidi ya mwisho 157.

Taa ya injini haiwaki, haichemshi, haitoi moshi. Oili mpya, plagi mpya, chujio la hewa jipya. Ila ikiondoka ni kama kuna mtu kaishika kwa nyuma.

Fundi wa kwanza kasema tabo imekufa. Wa pili kasema injini imechoka nitafute nyingine. Wa tatu kasema ni hali ya hewa ya huku, nizoee tu. Hii gari naipenda kweli na sitaki kununua injini kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

#2 NgojaWaje

Naweka kambi hapa. Mimi nina GX100 ya kawaida lakini haya ni mambo ya kujifunza.

#3 Mzee wa Gairo

Fundi wa tatu yuko sahihi. Nimeendesha malori Dar–Kigoma miaka 22. Lori la zamani lisilo na tabo ukitoka nalo Morogoro likiwa limejaa, ukifika juu unaona kabisa limepungukiwa pumzi na moshi unakuwa mweusi zaidi, maana dizeli ni ileile lakini hewa imepungua. Dodoma ni mita 1,120 hivi juu ya bahari, siyo mchezo. Hata maji huku hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye 96. Kwa hiyo mwanangu kagua na mfuniko wa rejeta, kama spring yake imelegea utachemsha mapema kuliko Dar.

#4 Mwalimu Fizikia

Shikamoo Mzee #3. Nakubaliana nawe nusu.

Kanieneo ya hewa pwani ni kama baa 1.01. Dodoma ni kama 0.886. Hapo tumepoteza asilimia 12 na kidogo. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu. Mleta mada ana tabo. Geji yake inasoma kilichozidi juu ya hewa ya nje, kwa hiyo 0.9 ya Dar jumla ni 1.91, na 0.9 ya Dodoma jumla ni 1.79. Hasara ni kama asilimia 7 tu.

Sasa tazameni muda. Kwa gari ileile kwenye mita 402, muda hubadilika kinyume na kipeuo cha tatu cha nguvu. 13.6 gawanya kwa 14.9, zidisha jibu kwa lenyewe mara tatu, unapata 0.76. Yaani imebaki na asilimia 76 ya nguvu. Asilimia 24 zimepotea na mwinuko unaeleza 7. Zilizobaki ni ugonjwa.

#5 BoksaDamu

Watu wa silinda sita mstari mmoja mkipata tatizo mnaleta hesabu za kidato cha tano. Njooni Subaru mpumzike.

Tukiacha utani, kuna jambo hapa la kujua. GC8 yangu (Subaru Impreza) ina sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, kwa hiyo bomba likivuja baada ya sensa, kompyuta inaleta mafuta ya hewa ambayo haijafika na gari inazama kabisa, unajua siku hiyohiyo. Hizi 1JZ-GTE zinatumia sensa ya presha kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Bomba likivuja zenyewe zinasoma presha iliyobaki na kuleta mafuta yanayoendana nayo. Gari inatembea vizuri, taa haiwaki, tabo inajiua taratibu ikijaribu kujaza tundu. Mkuu, tafuta kuvuja kabla ya kitu kingine chochote.

#6 Fundi wa Kizota

Mbukwenyi. Mimi ni fundi na hesabu naziheshimu, lakini gari ya 1997 haifi kwa hesabu, inakufa kwa mipira. Kila JZX inayoingia kwangu ina haya:

Mipira midogo ya vakyumu imekauka, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Gasketi za kava la valvu zinavuja oili kwenye visima vya plagi, mguu wa koili unaogelea. Soketi za koili klipu zimekatika, zimefungwa kwa kamba ya plastiki. Raba zinazoshikilia injini zimekaa chini. Puli ya mbele raba yake imepasuka. Tanki za plastiki za rejeta zimekuwa na rangi ya chai, hizo ukizibana kidogo zinapasuka.

Kama mkanda wa taimingi hujui ulibadilishwa lini, weka mpya, kiwango ni kilomita 100,000 na kilomita za dashibodi za magari haya mimi siziamini.

Kupima kuvuja huhitaji mashine. Chukua bomba la plastiki au kopo linalobana kwenye mdomo wa tabo, tia valvu ya tairi katikati, mwite mtu wa pancha na kompresa yake, jaza taratibu usizidishe presha ya kazi, pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Palipo na povu ndipo penye ugonjwa. Nimewahi kuikuta moja imebadilishiwa tabo mara mbili, kumbe klempu ya mpira wa intakula ilikuwa imekaa upande.

#7 KoiliSaba

Fundi #6 umegusa penyewe kwenye koili. Yangu ilikuwa hivihivi, JZX90. Kwenye mzigo mdogo safi, ukikanyaga hadi chini inapoteza nguvu bila kumisi (kukosa cheche) kwa kusikika. Nilibadili koili moja baada ya moja, ya saba ndiyo ikawa dawa, maana mojawapo ya mtumba nilizonunua ilikuwa mbovu pia. Ndipo jina langu lilipotoka. Mleta mada, plagi zako mpya umeacha mwanya gani? Kiwandani ni milimita 1.1. Ukiongeza presha punguza hadi 0.8, koili ya miaka 27 haiwezi kurusha cheche mbali.

#8 Dada Altezza

Nasalimu kutoka Iringa, huku ni juu zaidi yenu. Nina Altezza RS200, 3S-GE isiyo na tabo, kwa hiyo kupoteza nguvu kwa mwinuko nakujua kwa uchungu.

Mwalimu #4 naomba nikusahihishe kwa heshima. Umetumia muda kupima nguvu. Muda unachanganya mambo mawili, nguvu na namna gari ilivyoondoka. Tairi likiteleza mwanzoni muda unaharibika hata kama injini ni nzima. Kinachosema ukweli wa injini ni spidi ya mwisho, na yenyewe pia inaendana na kipeuo cha tatu cha nguvu. 157 kwa 164 ni 0.957, ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu ni 0.877. Nguvu iliyopotea ni asilimia 12, siyo 24.

Na ukirudisha hiyo asilimia 12 kwenye muda, gari ingetakiwa kukimbia 14.2. Yeye kakimbia 14.9. Sekunde 0.7 hazikupotelea kwenye injini, zimepotelea kwenye kuondoka. SilindaSita, kifaa chako kinatoa muda wa mita 18 za kwanza, tuwekee.

#9 Mwalimu Fizikia

Dada #8 umenisahihisha vizuri, napokea. Nilishika namba moja nikaiacha nyingine mezani. Basi tuna magonjwa mawili.

#10 SilindaSita

Asanteni sana, sikutegemea. Majibu:

Mita 18: Dar sekunde 2.1, hapa 2.7.

Mwanya wa plagi sijagusa, zimetoka dukani zikaingia.

Na kuna kitu sikukisema mwanzo. Nilivyoona gari nzito wiki ya kwanza, nilizungusha kidhibiti nikapandisha presha kufidia mwinuko. Hapa sipo 0.9. Inapanda hadi 1.1, halafu nikikaribia mwisho wa gia inashuka yenyewe hadi 0.8. Dar ilikuwa inashika 0.9 mwanzo mwisho, ikishuka sana ni 0.85.

#11 Fundi wa Kizota

Hili ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza wa uzi. Rudisha chini leo, usiende nayo popote ikiwa 1.1. Kontrol boksi ya kiwandani ina sensa za kusikiliza injini ikigonga, ikisikia inarudisha cheche nyuma na nguvu inapotea kimyakimya. Wewe unaongeza presha, yenyewe inakupunguzia cheche, mnavutana. Siku sensa ikishindwa, pistoni inatoboka.

#12 Mwalimu Fizikia

Sasa picha imebadilika. Jumla ya presha mwishoni hapa: 0.886 jumlisha 0.8 ni 1.69. Dar ilikuwa 1.91. Pungufu ni asilimia 12. Ile ile ya Dada #8. Sijawahi kuona namba mbili zikikutana hivi.

Swali ni kwa nini inashuka hadi 0.8. Maoni yangu: tabo imefika ukingoni. Kuitoa hewa 0.886 hadi 1.99 tabo inazidisha mara 2.24. Dar ilikuwa inazidisha mara 1.89. Kwa joto la nje nyuzi 30 na ufanisi wa asilimia 70, Dar hewa inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi kama 116, hapa 142. Ile CT15B ya kiwandani ni ndogo, inazunguka kupita kiasi na kutoa joto badala ya hewa.

#13 BoksaDamu

Au inavuja. Tabo inayojaza tundu hufanya hivyohivyo, mwanzo inafika, mzunguko ukipanda inashindwa kwa sababu hewa inayotakiwa imekuwa nyingi. Hesabu yako haitofautishi hayo mawili, Mwalimu.

#14 Mzee wa Gairo

Au ekzosti imeziba. Kile kichujio cha gesi za ekzosti cha kiwandani kikivunjika ndani, vipande vinalala kwenye bomba. Tulikuwa tunagonga kwa nyundo ya mpira na kusikiliza kama kunachakacha.

#15 KoiliSaba

Au koili.

#16 BoksaDamu

KoiliSaba ukienda hospitali na malaria utaomba koili. Sikiliza, cheche inaruka kwa shida pale hewa ndani ya silinda inapokuwa nzito. Mwishoni ana presha ndogo kuliko Dar. Kama hazikumisi Dar kwenye 1.91, zitamisi vipi hapa kwenye 1.69?

#17 KoiliSaba

Kwa sababu katikati ana 1.99, ambayo ni zaidi ya Dar, na mwanya wa plagi ni 1.1, na bado hatujajua kama kwenye visima kuna oili. Koili haikai vilevile tangu Julai. Mtanitania lakini afungue kava aangalie.

#18 ZabibuKavu

Wakuu kwani mnapimia wapi? Ile barabara ya mzunguko ikiwa tupu usiku si mnamaliza kazi dakika 10?

#19 Mzee wa Gairo

Hapana mwanangu. Barabarani kuna bodaboda bila taa, ng'ombe, na mtoto katumwa dukani. Nimeokota watu barabarani kwenye miaka yangu, sitaki kuhadithia. Mbio za magari nchini ziko chini ya AAT (chama cha magari Tanzania), wenye hamu wapite huko, au kama alivyofanya mleta mada, kiwanja cha mwenyewe na geti limefungwa.

#20 ZabibuKavu

Nimekuelewa Mzee, nafuta wazo.

#21 MkonzeMoja

Swali dogo kwa mleta mada. Hilo eneo ni tambarare? Mimi ni mpima ardhi, na Dodoma macho yanadanganya sana, unaona sawa kumbe unapanda. Mwinuko wa asilimia 1 kwenye mita 402 ni mita 4. Gari ya kilo 1,500 ukiipandisha mita 4 umekula kama asilimia 4 ya nishati inayokuwa nayo ikiwa kwenye kilomita 160. Kwenye spidi ya mwisho ni kama kilomita 3 zimeondoka bila injini kuwa na kosa lolote. Kifaa cha GPS huwa kinaonyesha mteremko, tazama.

#22 SilindaSita

Nimeangalia. Kupanda 0.6. Zote 4 nimekimbia upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ukuta uko karibu, nafasi ya kusimama ni ndogo.

#23 MkonzeMoja

Basi kilomita 2 kati ya 7 ulizopoteza ni za ardhi. Nguvu iliyopotea siyo 12 tena, labda 9.

#24 Mwalimu Fizikia

Mkonze umeharibu namba zangu zilizokutana. Ila ni haki. Na mimi naongeza ambalo nililisahau, hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Kwenye nyuzi 30 mvuke unachukua nafasi ya karibu asilimia 3 ya hewa. Dodoma Oktoba hewa ni kavu, mvuke ni mdogo zaidi. Kwa hiyo Dodoma inarudisha kidogo ilichochukua.

#25 Dada Altezza

Hewa kavu ina faida nyingine ambayo watu wa Dodoma hawaitumii. Kupulizia maji kwenye intakula. Dar maji yanabaki kuwa maji, hayakauki upesi. Huku kwenye ukavu yanageuka mvuke papo hapo na kubeba joto. Rafiki yangu anatumia pampu ya maji ya kioo cha mbele na nozeli mbili, swichi iko karibu na gia. Anapulizia akiwa anasubiri zamu, anaacha kabla ya kusogea mstarini ili maji yasidondoke chini ya matairi yake au ya mwenzake. Hilo la mwisho ni adabu ya dragi.

Lakini tumekimbilia mwisho wa mstari tukasahau mwanzo. Sekunde 0.6 zimepotea kwenye mita 18! Hapo ndipo penye fedha. Nina maelezo yangu. Otomatiki ukishika breki na kukanyaga mafuta, injini inapanda hadi pale konveta ya gia (inayounganisha injini na gia otomatiki) inapoizuia. Tabo ikiwa bado imelala, injini yenu ni kama Altezza yangu tu, imepoteza asilimia 12 kamili. Kwa hiyo inasimama kwenye mzunguko wa chini zaidi, gesi za ekzosti zinakuwa chache, tabo inachelewa kuamka. Kidogo kinazaa kikubwa. Dar ulikuwa unaondoka na presha kiasi gani?

#26 SilindaSita

Dar nikishika breki ilikuwa inafika 0.2 kabla sijaachia. Hapa geji inabaki kwenye sifuri. Dada umenifungua macho.

#27 BoksaDamu

Ndiyo maana Nairobi, ambako ni karibu mita 1,800, ukiwauliza wanaokimbia na otomatiki watakuambia habari ya konveta inayoachia juu kabla ya kukutajia tabo. Japo bado nasema inavuja. Kuvuja pia kunaibakiza geji sifuri.

#28 Fundi wa Kizota

Na klachi za gia zilizochoka je? Oili ya gia ilibadilishwa lini? Ukiichomoa kijiti ikanuka kuungua, konveta haina kosa. Na usishike breki muda mrefu ukikanyaga, sekunde 2 au 3 basi, joto la oili ya gia linapanda vibaya na gia za JZX nzima zimekuwa adimu.

Ukiamua kuweka gia ya mkono, R154 ndiyo iliyokuja kwenye Tourer V za mkono. Kuipata nzima ni kazi, na kuna nati ya gia ya 5 inayolegea, kaza kabla ya kuifunga.

#29 NgojaWaje

Samahani kuuliza, mafuta ya vituoni kwetu hayahusiki? Nasikia hizi gari zilitengenezwa kwa petroli nyingine.

#30 Mwalimu Fizikia

Swali zuri. Japani wana petroli mbili, ya kawaida oktani yake kwa kanuni ni kuanzia 89 na ya juu kuanzia 96. 1JZ-GTE iliandaliwa kwa ile ya juu. Ukiweka ya chini kompyuta inarudisha cheche. Lakini Dar alikuwa anaweka petroli ya nchi hiihii, kwa hiyo haielezi tofauti. Isipokuwa kwa lile joto la nyuzi 142. Hewa ya moto na oktani ndogo zikikutana, kugonga kunaanza mapema.

#31 Fundi wa Kizota

Ndiyo maana nasema apime mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa sensa pana kwenye ekzosti kabla ya kuongeza hata 0.05. Akikanyaga mwisho iwe sehemu 11.5 hivi za hewa kwa 1 ya mafuta. Ikienda 12.5 na kuendelea kwenye presha, pampu ya mafuta imechoka au chujio la mafuta limeziba, aachie mguu hapohapo. Apime na umeme unaofika kwenye pampu yenyewe akiwa amewasha taa. Waya wa miaka 27 unakula volti njiani.

#32 SilindaSita

Ripoti. Nimechukua Ijumaa nzima, na fundi mmoja wa Chang'ombe amenisaidia.

Presha nimerudisha 0.9. Kompresa ya pancha na sabuni: povu sehemu mbili. Mpira wa intakula upande wa abiria, klempu imekata mpira kwa ndani. Na kimpira cha vakyumu nyuma ya manifodi kimepasuka. Vyote nimebadilisha. Visima vya plagi: cha silinda ya 5 kina oili, siyo nyingi. Gasketi nimeagiza Kariakoo, inakuja na basi. Plagi zote nimeweka 0.8. Ekzosti tumegonga, haichakachi. Oili ya gia nyekundu, hainuki. Volti kwenye pampu 12.9, taa zikiwa zimewaka.

Leo saa 12 na nusu asubuhi, baridi kidogo, nimekimbia mara 2, upande uleule. Bora 14.3, spidi ya mwisho 161. Presha mwishoni 0.85. Mita 18 ni 2.5.

Nina furaha sana, nimemuamsha mke wangu kumwambia.

#33 BoksaDamu

Inavuja. Nilisema tangu #5.

#34 Mwalimu Fizikia

Hongera sana mkuu. Ila Boksa taratibu. Mara ya kwanza ilikuwa saa 8 mchana, leo alfajiri. Tofauti ya nyuzi 12 hivi ni asilimia 4 ya uzito wa hewa bila kugusa kitu. Na amerudisha presha, joto limeshuka, kompyuta labda imerudisha cheche mbele. Huwezi kusema ni klempu peke yake.

#35 KoiliSaba

Na mwanya wa plagi umepunguzwa, na silinda ya 5 ina oili. Nawaheshimu wote, lakini hilo msiliruke.

#36 MkonzeMoja

Na bado anapanda 0.6. Kwenye tambarare ungeona 163. Injini yako inaelekea kuwa sawa kabisa na ya Dar kasoro mwinuko wenyewe.

#37 Fundi wa Kizota

Injini nyingine asinunue, hilo tumekubaliana? Fundi wa pili alitaka kumtia hasara ya mamilioni kwa klempu.

#38 Mzee wa Gairo

Tumekubaliana. Na mke wake apewe pole ya usingizi.

#39 Dada Altezza

Mimi bado 2.5 hainilalishi. Dar 2.1. Sasa ukishika breki geji inafika ngapi?

#40 SilindaSita

0.1. Imepanda kidogo, haijafika 0.2. Ila leo nimeona jambo, nikiachia breki nyuma inateleza kidogo kisha inashika. Jumamosi ile haikuteleza, ilikuwa nzito tu.

#41 Dada Altezza

Basi nguvu imerudi kuliko matairi yanavyoweza. Au ni vumbi, lami ya huko ina mchanga mwekundu juu, uifagie mita 20 za kwanza. Matairi ya nyuma ni ya mwaka gani? Tazama ubavuni, baada ya herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka.

#42 SilindaSita

3815.

#43 Fundi wa Kizota

Wiki ya 38 mwaka 2015! Hiyo siyo raba tena, ni mbao. Na jua la Dodoma.

#44 BoksaDamu

Lakini Dar alikimbia 2.1 na matairi hayohayo?

#45 SilindaSita

Hayohayo. Yalikuwa na umri mdogo kwa miaka miwili, rekodi yangu ni ya zamani kidogo. Nibadili manne au mawili ya nyuma tu?

#46 Dada Altezza

Ya barabarani badili yote ukipata uwezo, maana yanakubeba kila siku. Kwa kipimo, anza na mawili ya nyuma, upepo 28 badala ya 33, fagia, halafu kimbia mita 18 tu, usimalize 402. Fanya mara 5 upate wastani. Konveta usiguse mpaka namba hizo ziwe hapa.

#47 KoiliSaba

Na gasketi ikifika, piga picha kisima cha silinda ya 5 kabla hujakifuta.